Ukaguzi Ujao

Kama kuna mtu aliyeyajua majengo ya mji ule kwa ndani, ngazi kwa ngazi na korido kwa korido, basi ni Bwana Mitungi. Kazi yake ilikuwa kukagua mitungi ya kuzimia moto, ile myekundu inayotundikwa ukutani na kusahaulika mpaka siku nyumba iwake. Aliushusha mtungi, akaupima uzito, akatazama mshale wa presha kama bado umesimama kwenye kijani, akaugonga ubavuni mara tatu kwa kifundo cha kidole, akaurudisha mahali pake. Kisha akabandika lebo: umekaguliwa leo, uko salama, ukaguzi ujao baada ya miezi sita. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuuona hata mtungi mmoja ukizima moto. Alikuwa na mzaha wake mmoja, kwamba analipwa ili jambo lisitokee. Alishautoa katika kila ofisi ya mji, na ofisi zote zilishaacha kuucheka.

Nyumbani hakukuwa na wa kumtolea mzaha, mzuri wala mbaya. Mkewe aliondoka miaka tisa iliyopita, bila kelele na bila kuvunja hata kikombe. Alisema tu kwamba amechoka kuishi na mtu anayeingia ndani kama mkaguzi, akatazama kila kitu, akaridhika, akakaa kimya. Binti yao aliolewa mbali. Alimpigia baba yake siku za sikukuu, wakaulizana hali, wakajibiana njema, simu ikakatwa kabla kiti hakijapata joto. Bwana Mitungi hakulalamika. Alipanga chumba kimoja ghorofa ya pili, mlango wa tatu kati ya milango tisa iliyotazamana na ukuta mrefu, na kwa miaka miwili aliyokaa pale salamu zake zote aliwapa majirani huku akitembea.

Hata mtungi wa korido hiyo aliukagua yeye. Ulitundikwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa tisa. Tarehe zake alizijua kwa kichwa. Aliyekaa nyuma ya mlango wa tisa hakumjua kwa sura wala kwa jina, na sitaki kumsema vibaya mtu wa watu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi ofisi yao ikaleta mambo mapya. Lebo za kuandika kwa kalamu zikapigwa marufuku, kila mkaguzi akapewa printa ndogo ya kuning'iniza kwenye mkanda, kubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Unajaza taarifa kwenye simu, unabonyeza, printa inatoa lebo. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake ni kwamba ya Bwana Mitungi ilikuwa na usahaulifu wa ajabu: kila ikizimwa usiku, asubuhi haiijui tena simu yake, sharti watambulishwe upya. Aliripoti ofisini, akaambiwa avumilie. Kwa hiyo kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliketi ukingoni mwa kitanda, printa juu ya goti moja na simu juu ya goti la pili, akaenda kwenye ukurasa ulioandikwa Oanisha Kifaa Kipya.

Neno lenyewe lilimkera kidogo. Mtu mwenye miaka hamsini na minne, ambaye ndoa ilishamshinda, anaamrishwa na simu kila asubuhi aoanishe. Alikuwa anaijibu, kwa sauti, kwamba angeanza yeye mwenyewe kuoanishwa ndipo ayaoanishe mabati. Ndani ya chumba kile hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya siku, na mara nyingi yalikuwa ya mwisho pia.

Ukurasa ule ulipotafuta printa, ulimletea na vitu vingine vyote vilivyo karibu, kila kimoja na jina lake. Printa yake ilikuwa herufi tatu na msururu wa tarakimu, mfano wa namba ya gari. Juu yake palikuwa na TV ya Baba Mapacha. Siku nyingine palitokea Usinizoee, akatoweka. Na kila siku, bila kukosa, palikuwa na jina moja ambalo Bwana Mitungi alianza kulitazamia kabla hajanawa uso: Bado Nipo.

Mwanzoni lilimchekesha tu. Baadaye akawa analijibu. Analiona, anasema, "Na mimi bado nipo," halafu anaunganisha printa yake na kwenda kazini. Usimcheke. Kuna watu wanaosalimiana na paka, na paka hajaandika jina lake popote.

Siku moja alimuuliza fundi wa ofisini kama orodha ile inaweza kupunguzwa, maana alichelea kubonyeza pasipo pake. Fundi alikuwa na haraka zake, lakini alimweleza. Televisheni hukaa wazi wakati wote. Simu ni mambo mengine, simu haionekani na wenzake mpaka mwenyewe awe ameufungua ukurasa uleule.

"Ukiiona simu ya mtu hapo," alisema fundi, "ujue na yeye muda huo anatafuta kitu."

Maneno hayo Bwana Mitungi aliondoka nayo. Siku nzima alikosea tarehe. Kumbe kila asubuhi, hatua chache kutoka kitandani kwake, kulikuwa na mtu mwingine aliyeketi vilevile, ameinamia simu vilevile, anatafuta asichokipata. Maana angekipata angeacha kutafuta. Alijaribu kumkisia ni nani. Akamkisia fundi cherehani wa mlango wa saba, mwanamke wa makamo mwenye mwendo wa kujiamini, na kuanzia hapo akawa ananyoa ndevu kabla ya kuwasha printa, kana kwamba printa ina macho. Lakini kwenda kugonga mlango na kuuliza, hilo halikumpitia. Kuuliza si ujinga, tunajua sote, ila kuna watu ambao kuuliza kwao ni sawa na kuvua nguo sokoni.

Ikawa asubuhi moja amechelewa kuamka. Printa gotini, kiatu kimoja mguuni, kidole gumba kikateleza kikatua juu ya Bado Nipo. Simu ikamwonyesha namba sita, ikamuuliza kama angependa kuoanisha, na chini yake pakawa na maneno mawili ya kuchagua: Ghairi na Oanisha. Alijua kwamba namba zilezile, sekunde ileile, zimejitokeza kwenye simu ya huyo mwingine. Alishtuka kama mtu aliyefungua choo chenye mtu ndani. Akabonyeza Ghairi, akaizima simu kabisa, akakaa anasikiliza korido kwa dakika nzima. Hakuna mlango uliofunguka.

Kesho yake Bado Nipo hakuwepo.

Alifikiri labda ni yeye aliyewahi mno. Akasubiri, akatafuta upya, akatafuta tena. Printa ilikuja, televisheni ikaja. Siku ya pili vilevile. Alikwenda kazini na uzito ambao hakuweza kuutaja, akajiambia ni simu tu, watu wananunua simu mpya kila leo. Usiku hakulala vizuri. Alijua amemtisha mtu. Au basi huyo mtu hayupo tena, na katika korido yote yenye milango tisa anayejua ni yeye peke yake, naye hata mlango hajui ni upi.

Siku ya tatu orodha ilipokuja bila jina lile, Bwana Mitungi alimpigia msimamizi wake. Alikuwa anatarajiwa katika shule moja yenye mitungi arobaini. Akasema atachelewa, jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu aajiriwe. Msimamizi akauliza kuna nini.

"Kuna kifaa hakionekani," alijibu, na hakuwa amedanganya.

Alianza na mlango wa pili. Baba Mapacha alifungua akiwa na mtoto begani na mwingine kwenye mguu, akaulizwa kama yeye ndiye Bado Nipo. Akamtazama jirani yake aliyenyolewa vizuri, akajibu kwamba bado wapo wote, wanashukuru, kwani nani kasema wamehama. Mlango wa nne ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Wa tano na wa sita walitikisa vichwa. Fundi cherehani wa mlango wa saba alifungua akiwa na pini mdomoni, akamsikiliza hadi mwisho, akazitoa pini moja moja, akamweleza kwamba simu yake inaitwa Usinizoee. Bwana Mitungi aliona kwamba na swali lake lingine, ambalo hakuliuliza, limeshajibiwa.

Alipogeuka kuondoka yule fundi akamwita. Alimwambia ajaribu kwa bibi wa mwisho. Siku mbili tatu hizi hajaisikia redio yake, na yeye mwenyewe alikuwa akisema ataenda kumtazama, lakini nguo za watu hazimwachi.

Mlango wa tisa. Mtungi ulikuwa palepale ubavuni, mshale kwenye kijani, lebo yake imenyooka. Bwana Mitungi alipiga hodi. Kimya. Akapiga hodi tena. Mara ya tatu mkono ukafanya ulichokizoea: ukagonga mara tatu, kwa kifundo cha kidole, vilevile anavyogonga chuma.

Sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini imekamilika. "Mtungi uko hapo nje."

Akausogelea mlango. "Sikuja kwa ajili ya mtungi, mama," alisema.

Ilichukua muda. Komeo likavutwa, akafunguliwa na mwanamke mzee, mdogo wa umbo, amejifunga khanga mbili na miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Bwana Mitungi alimwamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kwenye kiti pekee kilichokuwepo, mwenyewe akaketi kitandani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa bila kunjo. Juu ya meza palikuwa na redio iliyofunikwa kitambaa, na pembeni yake, juu ya boksi lake, printa ndogo nyeupe ya picha, ile ya kushikika kwa kiganja. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imekunjuliwa na kukunjwa mpaka imetoboka kwenye mikunjo. Iliandikwa kwa lugha kumi na mbili, na yake haikuwemo.

Alipoulizwa kama yeye ndiye Bado Nipo, bibi yule hakushangaa. Alieleza polepole, kama mtu anayetafuta maneno mahali alipoyaweka zamani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa opereta wa simu, enzi za kuchomeka waya ubaoni. Mtu akipiga anaambiwa asubiri, na akisubiri sana opereta humrudia na kumuuliza, "Bado upo?" naye hujibu, "Bado nipo," wala haruhusiwi kusema neno jingine, asije akaziba njia. Sasa mwanawe aliye mbali akamtumia simu hii na printa hii, akasema atakuwa anamletea picha za mjukuu, yeye anazitoa hapohapo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mashine ya mbali haina wa kuiwasha.

"Simu iliniuliza jina," alisema. "Humu ndani hajaniuliza mtu. Nikaiandikia lile nililokuwa nalo."

Kila asubuhi alikuwa akiufungua ukurasa ule na kuisubiri printa ijitokeze. Haikujitokeza. Zilikuja televisheni, na msururu wa herufi na tarakimu wa aina mbili. Maandishi ya mgongoni mwa printa yake yalikuwa madogo mno kwa macho yake, kwa hiyo hakuweza kulinganisha. Alichelea kubonyeza cha mtu. Akaona bora asubiri aitwe, kama kazini.

"Siku tatu zilizopita ikaniita yenyewe," alisema. "Herufi na tarakimu, na chini yake namba sita. Nikavaa miwani, nikazisoma mara mbili, nikakubali. Ikanikataa."

Bwana Mitungi alitazama sakafu. Simu yake hakuwahi kuipa jina. Ilikuwa bado inaitwa vile ilivyotoka kiwandani, herufi na tarakimu, na hakuna mtu aliyewahi kuwa na haja ya kuitambua.

"Haikuwa printa, mama. Nilikuwa mimi."

Bibi akauliza, "Mbona ulikata?"

"Niliogopa."

"Mimi nikadhani ni ubovu wangu," alisema bibi. "Nikaona basi, nimezeeka, hata mashine imejua. Nikaizima. Na redio nikaiacha, sikuwa na hamu nayo."

Alisema hivyo bila kulaumu, na kule kutolaumiwa ndiko kulikomuuma Bwana Mitungi. Miaka miwili alikuwa anafika mpaka mlango huu. Tarehe za chuma alizijua.

Akavuta kiti karibu na meza. Printa ile ilikuwa na kitufe kimoja, na bibi alikuwa akikigusa na kukiachia, taa ikawaka, naye akaamini iko tayari. Kumbe kuwashwa ni jambo moja na kukubali kuonekana ni jambo jingine. Bwana Mitungi alichukua kidole cha bibi, akakiweka juu ya kitufe, akamwambia asiachie, akahesabu naye mpaka tano. Taa ikaanza kupepesa, ya buluu. Kwenye simu, chini ya televisheni ya Baba Mapacha, jina la printa likajitokeza, herufi na tarakimu. Namba zikaja. Safari hii bibi alibonyeza Oanisha, na ikakubali.

Picha ilikuwa moja tu, hapakuwa na nyingine. Mjukuu wa kike, miaka sita au saba, anacheka, meno mawili ya mbele hayapo. Karatasi ilitoka taratibu, nywele kwanza, halafu paji la uso, macho, pengo. Bibi aliishika kwa kingo mpaka ilipopoa. Aliipeleka dirishani. Alikaa huko akiwa amempa mgeni mgongo kwa muda ambao mgeni hakuuhesabu.

"Ilitumwa kabla ya mvua," alisema. "Sasa meno yatakuwa yameshaota."

Shule ilikuwa inamsubiri Bwana Mitungi, na hakuwahi kujifunza namna ya kutoka ndani ya nyumba ya mtu bila kufanya kazi. Kwa hiyo akafanya kazi. Alifungua programu yake, akajaza: kifaa, printa ya picha. Mahali, mlango wa tisa. Hali, salama. Printa ya mkandani ikalia, ikatoa lebo, akaibandika chini ya ile nyeupe, akainyoosha kwa gumba. Hapo ndipo alipoona mstari wa mwisho. Programu hujaza yenyewe na haibadilishiki: ukaguzi ujao, baada ya miezi sita.

Bibi alivaa miwani, akaipindua printa, akausoma ule mstari. Akausoma tena. Kisha akairudisha juu ya boksi, akamshukuru mgeni wake, akamwombea kazi njema. Bwana Mitungi akatoka, komeo likasikika nyuma yake. Alipofika mlango wa saba alikuwa ameshajua kwamba kuna kitu alipaswa kusema, na kwamba hakukisema, na ngazi zikamshusha.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, aliketi ukingoni mwa kitanda. Printa goti hili, simu goti lile. Orodha ikaja. Televisheni ya Baba Mapacha, printa yake, basi. Ndipo akili ilipomfungukia, naye akahisi ubaridi wa chumba chote. Kwa bibi hakuna tena cha kutafuta. Printa yake haina usahaulifu, ikiwashwa itaikumbuka simu yake siku zote, na ule ukurasa hana sababu ya kuufungua tena maishani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsaidia kuondoka kwenye orodha. Alikuwa amepata jirani na kumpoteza kwa kubonyeza mara moja, tena ameweka na lebo.

Hakuiunganisha printa yake. Alikaa tu, simu mkononi, akisikiliza maji yakishuka kwenye bomba la ukutani. Mahali fulani koridoni mtoto mmoja wa Baba Mapacha alikuwa analilia kiatu. Bwana Mitungi alisema, kwa sauti, "Na mimi bado nipo," na mara hiyo hapakuwa na jina la kuambiwa.

Orodha ikasogea. Jina likaingia juu kabisa, jipya, hakuwahi kuliona. Alidhani ni simu ya mpangaji mgeni, akalisoma mara moja, akalisoma mara ya pili kama bibi alivyosoma ule mstari wake.

Miezi Sita Ni Mingi.

Bwana Mitungi aliinuka, akaketi tena. Kidole kilikwenda kulibonyeza, kikasita, maana namba sita hazikuwa jibu. Akatoka kwenye orodha, akaingia sehemu ya jina la kifaa, akazifuta herufi na tarakimu za kiwandani moja moja mpaka nafasi ikabaki tupu. Hakujua simu ya mtu huitwaje. Mwishowe akaandika neno moja, akarudi kwenye ukurasa wa kuoanisha ili lionekane, akaisimamisha simu juu ya mto wake ikiwa wazi.

Aliandika: Nakuja.

Alivaa viatu vyote viwili, akaiacha printa kitandani. Alikuwa bado hajafika mlango wa tano aliposikia, mwisho wa korido, komeo likivutwa.